Alasiri Niliyomwibia Mama

Nilimwibia mama yangu sala. Nalisema mapema ili msomaji asije akaninunia katikati ya safari. Mahamri nimeiba mengi, sukari nimeiba, hata maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni nimewahi kunywa pakiti za watoto wawili wasiokuja shule siku hiyo. Hayo nimeyatubia, na nisiyoyatubia nimeyasahau. Lakini Jumamosi moja ya masika, nikiwa darasa la nane, niliivua saa yangu ya mkononi, nikabonyeza kidude cha ubavuni, nikairudisha nyuma saa moja, nikaitundika kwenye msumari wa kibanda cha mama pale soko la Kongowea, nikaenda zangu kucheza mpira. Ndio ujinga wenyewe. Ukiutazama hivi waonekana mdogo, wa kutosha mfukoni. Nami nilidhani ni mdogo.

Kilichonirudisha huko ni Kazungu. Wiki iliyopita alikuja kwetu Mishomoroni kutoka Kaloleni, na gunia la muhogo kutoka kwa mamake begani na masharubu mapya usoni, kama manne hivi, yote ya upande mmoja. Hatukuwa tumeonana tangu mamake alipoiacha meza yake ya mboga na kurudi kwao. Nilitazamia aniulize habari za shule, maana sote tuko kidato cha nne na sote twaogopa mtihani ule ule. Kazungu akakaa, akanywa maji, akanitazama mkono, akasema, "Ile saa yako bado yasema uongo?" Mama alikuwa uani anaosha mchele. Nikamwashiria Kazungu anyamaze. Kisha nikakumbuka kwamba hapana haja tena ya kunyamaza, kwa sababu mama alishajua, na habari ya jinsi alivyojua ndiyo imenifanya niketi leo niandike, badala ya kusoma kemia.

Habari za ukoo wetu sitaziweka hapa, hazina mchezo. Nitaanza na kibanda. Kilikuwa cha mbao na mabati, mbele meza ya kukatia viazi, kati jiko la mkaa na karai, nyuma magunia ya mkaa yaliyopangwa kama ukuta. Mama alikuwa akifungua baada ya adhuhuri, akishasali nyumbani, na kufunga kabla ya magharibi. Alikaanga viazi karai na bhajia, akapika chai ya tangawizi nzito, na wateja wake walikuwa hamali wa mikokoteni, wale wanaoshusha kabeji na vitunguu vya malori ya bara. Hamali akishashusha lori zima hataki maneno. Ataka sahani, ukwaju, na kikombe kisichovuja. Mama alikuwa na mikono miwili lakini ungeapa ana minne: mmoja wageuza viazi, mmoja wamimina chai, mmoja wapokea, na wa nne wanipiga mimi kofi la kichwa kwa kuonja. Tangu afungue mpaka afunge sikuwahi kumwona ameketi. Isipokuwa mara moja kwa siku, na hapo ndipo pana hadithi.

Tulipakana ukuta na kinu cha kusagia mahindi. Kinu kile kilikuwa kikianza asubuhi na kunyamaza jioni mwenyewe alipofunga, na kati ya hapo kilinguruma hata ukaona chai yatetemeka kikombeni. Adhana ya alasiri hatukuisikia hata siku moja. Kwa hivyo mama alitazama jua, na jua likikosekana aliuliza watu, na ikishafika alimgeukia Mama Kazungu, mamake huyu wa masharubu, aliyekuwa na meza ya mchicha na muhogo kando yetu. Hakusema mengi. Alisema, "Nishikie." Mama Kazungu aliacha kufunga mafungu yake, akajifunga leso kiunoni, akashika mwiko. Na Jumapili asubuhi, kabla hatujafungua chetu, ilikuwa kinyume chake: Mama Kazungu kanisani, mama yangu amesimama nyuma ya mchicha wa mwenzake, auza hadi kwaya ya watu imekwisha kuimba. Mafuta ya moto mama hakumwachia mtu mwingine yeyote. Kulikuwa na mtoto aliyewahi kuungua kwenye kibanda cha jirani, mama alimwona, na tangu siku hiyo karai lake lilikuwa na watu wawili tu duniani: yeye, na mama mmoja Mgiriama asiyejua alasiri ina rakaa ngapi.

"Nenda, Mama Omari," Mama Kazungu alikuwa akimwambia. "Na unitajie na mimi huko."

"Wewe si una wako wa Jumapili?"

"Wa Jumapili mbali. Mguu waniuma leo."

Hucheka wote wawili, kisha mama hupotea nyuma ya magunia ya mkaa, mahali pa upana wa mswala mmoja. Mimi nilikuwa mtu wa kuchungulia. Nilitaka kujua kuna nini kule, maana mtu aliyekwenda na mtu aliyerudi hawakuwa sawa. Aliyekwenda alikuwa na jasho na ukali. Aliyerudi alikuwa na jasho tu. Mimi mwenyewe sala zangu zilikuwa za miguu: nilikuwa nikiilowesha kwa maji ya mfereji, nikapita mbele ya mama nikiacha alama sakafuni, akaniuliza "Umesali?" nikamwambia "Kwani huoni?" Hata uongo haukuwa. Nilimuuliza swali. Siku moja nikamuuliza mama la kweli, kwa nini alasiri yamkaa rohoni hivyo, kuliko zote. Alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa. "Hizi nyingine nasali nyumbani, nimetulia, ni kama napewa. Hii lazima niikate mwenyewe katika kazi, na watu wananiita. Tangu nifungue kibanda hiki haijanipita hata moja. Hiyo ndiyo yangu, Omari." Kisha akaniambia nilete kisu kingine, hiki butu.

Sasa saa. Mjomba aliniletea kutoka Jedda, ya namba, yenye taa ndogo ya kijani, na darasa zima la nane hapakuwa na ya pili. Nilikuwa mfalme. Mpiga kengele wa shule, kijana mmoja mnyonge wa darasa la saba, alikuwa akija kuniuliza wakati, na kwa muda wa wiki mbili shule yetu ilifunga mapema kwa dakika kumi bila mwalimu kujua kwa nini njaa yake haijafika. Nikaona kumbe wakati ni kitu cha kusukuma kwa kucha. Mama naye alifurahi. Masika yalikuwa yameanza, jua halionekani kwa siku nyingi, akanambia, "Sasa sina haja ya kuuliza watu. Nina saa ya mwanangu." Alisema hivyo kwa hamali, kwa muuza ndizi, kwa kila aliyekuja kunywa chai. Nilipata mahamri ya bure kwa ajili ya saa ile.

Jumamosi yenyewe, Mama Kazungu hakuwapo. Alikuwa amefiwa na dadake, akaenda Kaloleni kwenye matanga, akamwacha Kazungu kwetu. Na alasiri hiyo hiyo vijana wa Chaani walikuwa wanakuja kucheza na sisi, Kazungu golini, mimi winga wa kulia. Mechi saa kumi. Mama bila Mama Kazungu alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshikia kibanda, karai likishatolewa motoni: mimi. Nikaketi juu ya ndoo nikapiga hesabu, na wallahi hesabu ile mwalimu wangu hajaiona. Kwanza, mbele ya Kazungu, nyuma ya lori la kabeji, nikairudisha saa.

"Atakuua," Kazungu akasema.

"Hatajua. Mawingu haya, kinu hiki, atajuaje?"

"Mimi simo."

"Umo. Wewe ndiye golikipa."

Kisha nikaenda kwa mama. "Mama, alasiri ya leo nitakuja kukushikia saa kumi na moja. Tuna mpira."

"Saa kumi na moja? Si yaingia saa kumi kasorobo?"

"Wakati wake mpana, mama. Maalimu kasema mpaka jua lizame."

"Maalimu kasema mengi, umelishika hilo peke yake." Aliitazama mvua, akanitazama na viatu vyangu vya mpira shingoni. Mama alikuwa na huruma mahali pabaya. "Haya. Saa kumi na moja, isipite hata dakika. Niachie hiyo saa nione."

Nikaitundika msumarini mwenyewe. Ya kweli ilikuwa saa kumi, yake ilisema saa tisa. Kwa hivyo akiona kumi na moja, mimi ningerudi kumi na mbili ya kweli, na robo saa ingebaki kabla ya magharibi. Yeye atasali, mimi nitakuwa nimecheza mechi nzima, na Mungu, nilidhani, hatapungukiwa na kitu. Nilipokuwa naondoka nilimsikia akimwambia hamali mmoja, "Siku ya leo mbona haisogei?"

Mpira uliisha sare, ikawa penalti. Sikumbuki nani alishinda, na Kazungu asema ni sisi, lakini Kazungu ni golikipa. Nakumbuka nikikimbia na matope hadi masikioni, na nilipoingia kichochoro cha soko kitu kikanisimamisha: kimya. Kinu kilikuwa kimezimwa. Na ndani ya kimya kile, kwa mara ya kwanza tangu nijue kibanda chetu, adhana ilisikika pale, yote, neno kwa neno, kana kwamba msikiti umehamia kwenye viazi. Watu walikuwa wamejazana chini ya bati kujikinga mvua. Mama amesimama mbele ya karai, mwiko hewani, mafuta yanachuruzika kwenye mkono wake, hayasikii.

"Hii ni adhana ya nini?" akamuuliza hamali aliyekuwa karibu.

"Ya magharibi, mama."

"Alasiri, wataka kusema."

"Magharibi, mama yangu. Watu wanaenda makwao."

Mama akaitazama saa msumarini. Kumi na moja na robo. Akanitazama mimi mlangoni, matope na yote. Sijapata kutazamwa hivyo tena, na nimesimama mbele ya walimu wakuu watatu.

"Betri, mama," nikasema. "Itakuwa betri."

"Haya," akasema.

Basi. Haya. Nilikuwa nimeukaza mwili mzima kungojea kofi, nikabaki nimekaza. Alilitoa karai motoni, akawapa watu viazi vyao, akawaomba radhi kwamba leo hakuna chai ya pili, akatia udhu kwa maji ya kuoshea vikombe, akaenda nyuma ya magunia. Na kwa kuwa kinu kilikuwa kimenyamaza, nilimsikia. Aliilipa alasiri kwanza, kisha akasali magharibi, kisha akainua mikono. "Ya Rabbi, kosa ni langu. Nilitegemea saa, nikaacha kukuangalia Wewe." Aliyarudia hayo, sauti yake ndogo, kama mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba radhi kwa sababu ya mbuzi wake. Nilisimama na viatu vyangu shingoni. Ningetoka nikasema pale pale, mambo yangekwisha. Nikachukua ufagio nikafagia, kitu ambacho sikuwahi kukifanya bila kuambiwa, na sasa naona kwamba hata huo ulikuwa ushahidi dhidi yangu.

Siku ya tatu Mama Kazungu akarudi kutoka matangani, macho yamevimba, akaambiwa. Nilidhani atacheka. Alikaa juu ya gunia akajishika shavu. "Hiyo ilikuwa zamu yangu, shoga. Ningejua ningemzika jana yake nikaja." Mama akamwambia asiseme hivyo, kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mama Kazungu akasema hapana, ni la mguu wake, ungekuwa mzima angewahi gari la asubuhi. Kisha wote wawili wakaitukana saa, na Jedda, na betri za siku hizi. Kila mtu na kila kitu kilipata fungu lake la kosa, mimi peke yangu nikabaki mikono mitupu. Kazungu alinitazama kutoka nyuma ya muhogo, akainua nyusi mbili, akazishusha.

Mama akaitoa saa msumarini akanirudishia. "Vaa mwenyewe. Mimi nataka masikio yako." Kuanzia hapo, kila siku nikitoka shule, kazi yangu ikawa kuvuka soko, kuupita ukuta wa kinu na malori ya vitunguu, mpaka mahali ambapo adhana yasikika, karibu na mfereji wa maji. Ningoje pale. Ikiadhiniwa, nirudi nimwambie, ndipo amwachie Mama Kazungu mwiko. Wiki ya kwanza nilitukana kimoyomoyo. Hujajua kungoja mpaka ungoje kitu usichoweza kukiharakisha kwa kucha. Wiki ya pili, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kuangalia. Hamali mmoja alikuwa akija anausimamisha mkokoteni uliojaa, anaweka jiwe chini ya gurudumu, anaosha miguu kwa uangalifu kama ya mtoto mchanga. Muuza ndizi alizifunika ndizi zake kwa leso akaenda, bila mlinzi. Ndizi zilinitazama, nami nikazitazama. Sikuzigusa, na sijui kwa nini, maana leso haina meno. Siku moja taniboi, utingo wa lori la bara, anakula mkate juu ya magunia, akaniuliza, "Buda, hawa watu huenda wapi saa hii kila siku?"

"Kusali."

"Na kazi?"

"Yangoja."

Akatafuna kidogo. "Inangojaga, kweli?" Hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua. Hilo ndilo swali nililokuwa nalo mwenyewe.

Nisiseme uongo tena katika hadithi hii: sikuwa sheikh. Miguu yangu iliendelea kulowa bila mengine kwa siku nyingi. Lakini kitu kimoja kilinikera, na mimi kitu kikinikera hukipima. Zamani mama akienda nyuma ya magunia alirudi baada ya dakika nne; nilimpima mara nyingi kwa saa ile, kabla haijawa jambazi. Sasa alikuwa akikaa saba. Nikampima Jumatatu, saba. Jumatano, na foleni ya hamali imefika kwenye ndizi, saba. Mama Kazungu ageuza viazi huku aimba wimbo wa kwao, wala halalamiki.

"Dakika tatu za zaidi," nikamwambia Kazungu. "Aomba nini humo?"

"Labda magoti. Wangu naye hupiga magoti polepole siku hizi."

"Si magoti. Nimesikiliza, akishatoa salamu bado yuko."

"Basi mwachie. Mama yangu akiomba hutaja hadi kuku, mmoja mmoja."

Sikumwachia. Nikajipenyeza kati ya magunia mawili, mkaa hadi puani, nikatega sikio. Kinu kilikuwa kikinguruma. Niliona mikono yake imeinuliwa, midomo yaenda, na katika yote nikapata neno moja: Omari. Kinu kikala kilichobaki. Nikasubiri, nikalisikia tena, Omari, na kinu tena. Nikarudi nikajiambia ni mtihani wa darasa la nane, kila mama aombea mtihani. Lakini mtihani hauombewi kwa uso ule. Nikawa siwezi kula viazi. Kazungu akala vyangu, akanambia, "Mwambie, bwana. Nimenenepa."

Ilikuwa muhula wa tatu, mvua za vuli, mawingu kama yale ya siku ile. Nilikwenda kwenye mfereji, hamali akaweka jiwe lake, muuza ndizi akafunika ndizi, adhana ikaita. Nikarudi mbio. Mama alikuwa amekwisha kunawa mikono, ameshika kopo la udhu.

"Omari! Wameadhini?"

"Labeka. Wameadhini, mama." Na kabla hajageuka nikasema, haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto: "Mama, haikuwa betri. Niliirudisha mimi. Ili nicheze. Alasiri yako niliichukua mimi."

Mama Kazungu, mwiko mkononi, mdomo ukabaki wazi. "Mtoto huyu! Nami mguu wangu nimeulaumu nusu mwaka!" Hamali mmoja akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Kiazi kilianza kuungua na hakuna aliyekigeuza. Mama aliweka kopo chini. Alinitazama, si kama siku ile. Alinitazama kama atazamavyo unga uliokwisha kuumuka. Akachukua mwiko kutoka mkono wa Mama Kazungu, akanipa mimi, mimi ambaye sikuwahi kuruhusiwa kusimama karibu na karai lile. Akasema:

"Nilijua siku ile ile. Saa mbovu haichelewi saa moja kamili. Haya, geuza viazi. Leo la kukuombea limepungua, nitarudi mapema."